Manowari ya Bomba Tatu na Mabega Yaliyoibeba

Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Uingereza iitwayo HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Unguja, mashine zake zimefunguliwa, mafundi wako kazini. Ilikuwa meli kuukuu na safari za vita zilikuwa zimeichosha, nahodha wake akaona hakuna budi isimame itengenezwe. Wakati huohuo ilitokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaanza kuipiga kwa mizinga kutoka mbali. Pegasus haikuweza kukimbia wala kusogea, na mizinga yake haikumfikia adui. Kabla siku haijaisha ilikuwa imezama, na mabaharia zaidi ya 30 wamepoteza maisha.

Kisa hiki husimuliwa sana kama ushindi wa Wajerumani. Kinachotajwa kwa haraka ni kwamba Königsberg nayo iliondoka pale mgonjwa. Mashine iliharibika, na nahodha wake, Max Looff, hakuwa na la kufanya ila kurudi mafichoni katika mlango wa mto Rufiji. Meli mbili za maadui wawili zilikuwa zimekwamishwa na jambo moja: matengenezo. Iliyopatikana bandarini ikafa. Iliyowahi kujificha mikokoni ikapata miezi tisa na zaidi ya kuishi, na baada ya kufa kwake viungo vyake vikaendelea kupigana nchi kavu kwa miaka miwili.

Königsberg ilishushwa majini huko Kiel Desemba 1905, ikafika Dar es Salaam Juni 1914. Watu wa pwani waliokwenda kuitazama waliipa jina kwa kile walichokiona kikifuka moshi juu yake, wakaiita manowari ya bomba tatu. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Ndani ya tumbo lake zilikaa boila 11 zilizokula makaa ya mawe na kulisha mvuke mashine mbili kubwa za kuzungusha rafadha.

Boila ya melini ina adui wawili, chumvi na makaa mabaya. Maji yake yanatakiwa yawe matamu. Yakiingia ya bahari, hata kwa ufa mdogo, chumvi hugandamana ndani ya mabomba kama ukoko wa sufuria, moto ukawa unachoma chuma badala ya kuchemsha maji, na bomba hupasuka. Makaa mabaya huleta majivu na masizi mengi, yakaziba njia za moto. Königsberg ilikuwa imetoka Dar es Salaam Julai 31, ikazunguka hadi pwani ya Arabuni, ikaiteka meli ya biashara City of Winchester Agosti 6, ikaishi kwa makaa ya kuokoteza. Hakuna mhandisi ambaye angeshangaa ilipoanza kukohoa.

Kwa kawaida meli ya namna hiyo ingerudi Dar es Salaam. Pale palikuwa na chelezo kinachoelea, ambacho meli huingizwa ikainuliwa nje ya maji. Lakini mwanzoni mwa Agosti, wenyewe Wajerumani walikuwa wamekizamisha kwenye mlango wa bandari ili meli za Kiingereza zisipate njia ya kuingia. Kwa kufanya hivyo walimfungia nje mwenzao. Kilichosalia mjini ni karakana ya reli. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka uleule, na karakana yake ilikuwa na tanuri za kufulia chuma, mashine za kukereza, na mafundi waliozoea boila za garimoshi. Boila ya garimoshi na boila ya meli ni ndugu. Tatizo lilikuwa kwamba meli imelala Salale, katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, na karakana iko kaskazini, mbali kwa zaidi ya kilomita 100, na kati yake hakuna reli, na barabara ya kubeba chuma kizito haipo.

Basi kilichoweza kufunguliwa kikafunguliwa. Sehemu za mitambo zilizoharibika zilitolewa melini, zikashushwa ufukoni, zikapangwa juu ya majukwaa ya mbao yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na zikaburutwa kwa kamba hadi Dar es Salaam. Zilitengenezwa karakanani, kisha zikaburutwa njia ileile kurudi, zikafungwa tena mahali pake. Wasimulizi wa vita hivyo wanataja maelfu ya Waafrika waliofanya kazi hiyo.

Hapa nataka tusimame, kwa sababu vitabu vingi havisimami. Vinamsifu Looff, vinawasifu wahandisi wake, na ni kweli walistahili sifa. Lakini tuiangalie kazi yenyewe. Delta ya Rufiji ni nchi ya matope, vijito na miti iliyosukana mizizi. Maji hujaa na kupwa, na ardhi iliyokuwa ngumu asubuhi huwa uji jioni. Juu ya udongo huo watu walivuta chuma ambacho kilitengenezwa kisafiri baharini. Kila kijito kilidai daraja la magogo. Kila kilima kilidai kamba ya mbele ya kuvuta na kamba ya nyuma ya kuzuia, maana mzigo mzito unapoteremka huwaua walio mbele yake. Walitoka vijijini kwa amri ya serikali ambayo miaka tisa tu kabla, katika milima ya Matumbi kusini mwa mto huohuo, ilikuwa imepigwa vita na watu wake. Vita hivyo, vya Maji Maji, vilianza Nandete Julai 1905. Baba na kaka za waliovuta kamba zile walikuwa wameuawa au kufa njaa kwa kuikataa kazi ya kulazimishwa shambani. Majina ya wavutaji hayakuandikwa. Jina la kila afisa wa Königsberg linajulikana.

Matengenezo yakakamilika, lakini njia ikawa imefungwa. Oktoba 1914 Waingereza waliipekua meli ya Kijerumani iitwayo Präsident huko Lindi, wakakuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Siku chache baadaye HMS Chatham ikaiona milingoti ya Königsberg juu ya mikoko. Novemba wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mojawapo ya mikono ya mto ili kuuziba. Sasa Looff alikuwa na meli inayoweza kwenda, na hana pa kwenda.

Waingereza nao hawakuwa na raha. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa sababu ya kina kidogo cha maji, na mizinga yao haikujua ipige wapi. Walihitaji macho ya angani. Wakamkodi rubani raia kutoka Durban, H. D. Cutler, na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini. Ndege za siku hizo zilikuwa za mbao, kitambaa na gundi, na jua la pwani yetu liliila gundi hiyo. Rejeta ya Cutler ilivuja hata injini ikawa haifai. Spea ya Curtiss haikuwapo popote Afrika Mashariki, kwa hiyo meli ilitumwa Mombasa ikaleta rejeta ya gari la Ford, ikafungwa kwenye ndege. Ikaruka. Kwa rejeta ya gari la barabarani, Cutler aliiona Königsberg, akathibitisha ilipo. Desemba injini ilimwangusha mtoni, Wajerumani wakamkamata.

Ndege zilizofuata zililetwa na wanamaji wenyewe, zikatua kwanza kisiwa cha Nyororo na baadaye Mafia, ambayo Waingereza waliiteka Januari 1915. Nazo zilisumbua vilevile: rafadha za mbao zilipinda kwa unyevu, injini zikashindwa kuinua bomu katika hewa ya joto. Mafundi wa Mafia walijifunza kwa kuharibikiwa.

Dawa iliyopatikana mwishowe ilikuwa meli mbili bapa, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zifanye kazi katika mto Amazon, vita vilipoanza zikachukuliwa na serikali ya Uingereza. Ziliburutwa kwa kamba za meli nyingine kutoka Malta, zikafika Mafia Juni 1915. Kina chake majini kilikuwa kidogo kiasi cha kupita mtoni, lakini zilikuwa dhaifu mbele ya mizinga ya Königsberg. Mabaharia wakaanza kuzivika. Walizifunga mabati ya chuma pembeni, wakapanga mifuko ya mchanga juu ya sitaha, na ndani ya matumbo yake wakashindilia maelfu ya madebe matupu ya mafuta ya taa, yakazibwa yasiingie maji. Fikra ilikuwa nyepesi na nzuri: meli ikitobolewa, maji yakute nafasi imeshajaa hewa iliyofungwa. Debe, ambalo pwani nzima ililitumia kuchotea maji na kupimia nafaka, liliwekwa kulinda manowari ya mfalme wa Uingereza.

Julai 6 waliingia mtoni, Mersey ikapigwa vibaya, wakarudi. Wakatengeneza siku chache, na Julai 11 wakaingia tena, ndege ikiwaelekeza kutoka juu. Ndege hiyo ilitunguliwa, lakini kabla ya kuanguka ilikwisha kutuma habari kwamba mizinga inafika. Königsberg ikawaka. Looff, mwenyewe amejeruhiwa, aliamuru vifungio vya mizinga vitupwe majini na meli ilipuliwe kwa kichwa cha torpedo chini ya sakafu yake. Ikakaa juu ya matope, sitaha karibu usawa wa maji.

Kwa Waingereza habari ikaisha hapo, na kwa bahati mbaya waandishi wengi nao huishia hapo. Kwangu mimi ndipo inapoanza sehemu yake kubwa.

Mamlaka za Kijerumani hazikuwa na njia ya kupata mizinga mikubwa kutoka Ulaya, na pale mtoni kumi ilikuwa imekaa. Wakarudi. Wazamiaji walivitafuta vifungio katika maji ya kahawia ambayo mtu haoni kiganja chake, wakavipata. Mizinga ilifunguliwa kutoka kwenye vitako vyake, ikashushwa kwenye vyombo vidogo, ikafikishwa nchi kavu. Mtutu peke yake ulikuwa na uzito wa tani moja na nusu hivi. Safari ya kwenda Dar es Salaam ikaanza upya, na wavutaji wakawa walewale wa nchi ileile, mamia kwa kila mzinga.

Karakana ya reli ikapewa kazi ambayo haikuwahi kuifikiria. Mzinga wa meli haukutengenezwa utembee. Hufungwa juu ya kitako kilichokazwa kwenye sitaha, na unapofyatuka, nguvu ya kurudi nyuma humezwa na meli nzima. Ukiuweka juu ya magurudumu mawili ukaufyatua, utaruka na kuwaponda wapigaji wake. Kwa hiyo mafundi walitengeneza magari mazito ya chuma yenye mkia mrefu wa kuchimbia ardhini, na magurudumu mapana ili yasizame mchangani. Walifanya hivyo bila michoro kutoka kiwandani, kwa chuma cha reli na vyuma vya mabehewa. Wajuzi wa mizinga wa leo wanaiona ni kazi ya hali ya juu, na mimi naikubali hukumu yao: vile vitu vilifanya kazi, mwaka baada ya mwaka, katika nchi isiyo na barabara.

Mizinga kumi ikagawanywa. Mingine ilibaki kulinda Dar es Salaam, mingine ikapandishwa reli kwenda bara. Mmoja ulifika Kigoma ukafungwa juu ya meli ya Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika.

Wakati huo koloni zima lilikuwa limegeuka karakana. Meli za Kiingereza zilifunga bahari, na kila kitu kilichozoea kuja kwa meli kilibidi kibuniwe. Mpira wa mashambani ulichanganywa na salfa ukawa matairi ya magari na baiskeli. Kwenye mbata za nazi wakapata mafuta ya kuendeshea magari. Meli moja, Rubens, ilipenya Aprili 1915 hadi ghuba ya Manza karibu na Tanga, ikapigwa ikazama katika maji mafupi. Risasi zake zililowa chumvi. Zikaopolewa, na kwa wiki nyingi watu wakakaa wakizifungua moja moja, kukausha baruti, kusugua maganda na kuzifunga tena. Nyingi hazikulipuka vitani hata hivyo, lakini zilizolipuka zilirefusha vita, na pamoja nayo njaa na mateso ya wapagazi.

Machi 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipoifikia Kahe, lilikuta mzinga wa Königsberg umelipuliwa na wapigaji wake kabla ya kukimbia. Mei, huko Kondoa Irangi, makombora ya meli yalianguka juu ya askari wa Afrika Kusini, mbali mno na bahari. Hapo ndipo mtu anaona thamani ya kazi ya ile karakana: mizinga ile ilipiga zaidi ya kilomita 12, na kwa muda mrefu Waingereza hawakuwa na cha kuijibu.

Lakini safari ninayoiona nzito kuliko zote ni ya Kibata. Desemba 1916 Wajerumani waliamua kuishambulia ngome hiyo iliyo katika milima ya Matumbi, ambayo Waingereza walikuwa wameishika. Mzinga mmoja wa Königsberg ukapandishwa huko. Hakuna ng'ombe wala farasi aliyeweza kuuvuta, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama, na hakuna gari lililoweza kupita. Ni watu, kwa kamba, kwenye miteremko yenye utelezi, mvua zikinyesha. Kibata iko jirani na Nandete. Wazee waliokuwa hai walikumbuka mwaka 1905 walipopanda milima hiyo na mikuki na magobore kumkabili Mjerumani, na sasa mtutu wake ulipandishwa mbele yao kwa mabega ya Waafrika, ili umpige Mwingereza, na wakati huohuo wapagazi wengine waliwabebea Waingereza upande wa pili. Katika vita hivyo wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa, kuhara na kuchoka. Mwandishi anayesifu ubunifu wa kutengeneza bila kutaja gharama hii ameandika nusu ya habari, na nusu iliyo nyepesi.

Mmoja baada ya mwingine mizinga ikaisha. Makombora yalipokwisha au adui alipokaribia, wapigaji waliilipua wenyewe. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji mnamo Novemba 1917, hakuwa na hata mmoja. Iliyosalia ikachukuliwa kama nyara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na karibu nao kuna mzinga wa Pegasus, ulioopolewa kutoka bahari ya Unguja. Mwingine uko Pretoria, mbele ya Union Buildings, na mwingine Jinja, Uganda. Mwili wa Königsberg wenyewe ulikatwakatwa kwa sehemu kama chuma chakavu miaka ya 1960, na uliobaki umemezwa na mto.

Kigoma nako kulikuwa na kazi ya aina nyingine. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakiwa na wafanyakazi wa Kihindi na wa Kiafrika, waliiunganisha ufukoni ribiti kwa ribiti, na Februari 5, 1915 ikashuka Ziwa Tanganyika. Mzinga wa Königsberg uliipa ubwana wa ziwa. Baadaye mzinga uliondolewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu, ukawekwa wa mbao mahali pake.

Julai 1916 Wabelgiji, washirika wa Waingereza, walikuwa wanakaribia, reli inakatwa, na amri ikatoka meli izamishwe. Mafundi waliokuwa wameiunganisha ndio walioandaa kuizamisha, na waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayetaka kurudi. Walipaka grisi nzito juu ya mashine nzima, kila mhimili na kila kiungo, wakaijaza mchanga, na Julai 26 wakaishusha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Sijui tendo la ufundi katika vita vile linaloshinda hilo kwa busara. Wengine walilipua, hawa walihifadhi.

Wabelgiji waliiibua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza wakaiinua Machi 1924, na walipofungua chumba cha mashine wakakuta chini ya tope grisi ya miaka minane, na chini ya grisi chuma kinachofaa. Walitengeneza, wakaipa jina Liemba, na Mei 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu. Mashine zile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa injini za dizeli.